Jicho Jeupe Lisilouma: Kupoteza Uoni Ghafla Baada ya Kujikaza

Msimu wa kuvuna pamba unapofika Kiloleli, kama ilivyo kwingineko mkoani Simiyu, kazi ya mwili haina mapumziko. Pamba huchumwa, hushindiliwa katika magunia, hubebwa mabegani na kufikishwa kwenye mizani ya chama cha msingi. Msimu ukipita, zipo ndoo za maji za kujitwika kichwani, matofali ya kufyatua, na mikokoteni iliyokwama katika tope jeusi la mbuga. Katika kazi zote hizi mtu hufanya jambo moja bila kulifikiri: huvuta pumzi, huibana kifuani, hukaza tumbo, kisha hunyanyua.

Mara chache hutokea kwamba mtu ananyanyua mzigo akiona vizuri na kuushusha akiwa haoni kwa jicho moja. Hakuna kilichomgonga. Jicho haliumi, halitoi tongo wala halijawa jekundu, na hata anayemtazama kwa karibu haoni kasoro. Hapo ndipo hatari ilipo. Jicho jekundu linalouma humpeleka mtu zahanati siku hiyo hiyo. Jicho jeupe lisilouma husubirishwa hadi pamba iuzwe, hadi fedha ya nauli ipatikane, au hadi ndugu wakubaliane kwamba si uchovu tu.

Jambo ambalo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kulishika ni hili: uoni unaopotea ghafla bila maumivu ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba baadhi ya visababishi vyake hupona vyenyewe. Lakini mgonjwa atakayepona bila kuguswa na yule anayehitaji upasuaji upesi huweza kueleza shida zao kwa maneno yanayofanana, na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kulitazama jicho kwa nje.

Retina na ukimya wake

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa juu ya ukuta wa nyuma wa jicho, kwa ndani. Kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara ambazo mshipa wa fahamu huzipeleka ubongoni. Katikati yake ipo sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo humwezesha mtu kusoma namba kwenye mizani, kutia uzi sindanoni na kutambua sura ya anayekuja. Eneo linalobaki huona vya pembeni. Mbele ya retina, tumbo la jicho limejaa ute mzito na angavu, mfano wa ute wa yai bichi.

Retina haina neva za kuhisi maumivu. Inaweza kuvuja damu, kuchanika au kubanduka kutoka ukutani, na mwenye jicho asisikie hata mchomo. Kwa hiyo ukali wa maumivu hauwezi kuwa kipimo cha uzito wa ugonjwa wa macho. Konzi ya vumbi jichoni humliza mtu mzima lakini hutoka kwa maji safi, ilhali ugonjwa unaoweza kumwachia upofu wa kudumu huingia kimya.

Pumzi iliyobanwa na mshipa uliopasuka

Mtu anapobana pumzi na kujikaza, hewa iliyofungiwa kifuani huigandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni. Damu inayoshuka kutoka kichwani hukosa njia, hurundikana, na shinikizo hupanda kwa ghafla ndani ya vishipa vya retina. Vishipa vyembamba vilivyo karibu na makula huweza kushindwa kustahimili na kupasuka.

Kitendo cha kusukuma pumzi huku njia yake ikiwa imezibwa kimepewa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyeishi kati ya mwaka 1666 na 1723, ambaye alikieleza katika kitabu chake kuhusu sikio kilichotoka mwaka 1704. Ilipofika mwaka 1972, daktari wa macho wa Marekani, Thomas Duane, alieleza jinsi kujikaza huko kunavyoweza kuivujisha damu retina ya mtu ambaye awali hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Kunyanyua mzigo ni njia moja tu. Kukohoa kwa nguvu, kutapika mfululizo, kujikamua chooni kwa sababu ya kufunga choo, na kusukuma wakati wa kujifungua huleta shinikizo la aina ile ile.

Damu inayovuja kwa njia hii kwa kawaida hunaswa chini ya utando mwembamba sana unaoifunika retina kwa mbele. Mgonjwa husema kwamba doa jeusi au jekundu limekaa katikati ya kila anachokitazama, huku pembeni akiendelea kuona. Akikaa wima kwa muda, damu hutuama chini ya mfuko wake na kuacha mstari ulionyooka juu, kama maji yanavyotulia ndani ya chungu. Daktari aliyeipanua mboni na kuitazama retina hulitambua umbo hilo mara moja.

Matumaini kwa mgonjwa wa aina hii ni makubwa. Mara nyingi retina yenyewe haijachanika, na damu hufyonzwa na mwili taratibu kwa wiki kadhaa, pengine miezi, hadi uoni urejee. Damu ikiwa nyingi na imeifunika makula yote, daktari bingwa anaweza kuutoboa utando ule kwa leza ili damu itiririkie kwenye ute na kufyonzwa mapema zaidi, kwa sababu damu inayokaa muda mrefu juu ya makula huweza kuidhuru.

Pazia jichoni

Wahenga walisema macho hayana pazia. Upo ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao wagonjwa wake huja wakisema, bila kufundishwa na mtu, kwamba pazia limeshuka jichoni. Huo ni ugonjwa wa retina kubanduka.

Kadiri umri unavyosonga, ute wa jicho hulegea, husinyaa na kujitenga na retina. Kwa watu wengi jambo hilo hupita bila madhara. Kwa wachache, ute huo umeshikamana mno na retina mahali fulani, na unapojitenga huichana. Majimaji hupenya kwenye mchaniko na kuingia nyuma ya retina, nayo huanza kubanduka kama lipu ya ukuta uliopenyewa na maji ya mvua. Sehemu iliyobanduka hukosa lishe inayotoka kwenye ukuta wa jicho, na chembe zake za kupokea mwanga huanza kufa.

Dalili zake huwa na mpangilio unaofaa kukaririwa. Kwanza huja mimweko kama ya radi ya mbali, hasa gizani. Pamoja nayo, au muda mfupi baadaye, hutokea vitu vyeusi vinavyoelea mbele ya jicho, kama inzi, nyuzi au masizi. Kisha huja kivuli kutoka upande mmoja, ambacho hupanuka kwa saa au kwa siku kuelekea katikati. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa, wasioona mbali na wanaovaa miwani yenye namba kubwa, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, waliowahi kupigwa au kugongwa jichoni, na wale ambao jicho lao jingine liliwahi kubanduka retina.

Je, mzigo mzito unaweza kuibandua retina? Hapa inafaa kusema kwa tahadhari. Katika kuvuja damu kulikoelezwa hapo juu, kujikaza ndiko chanzo. Katika kubanduka kwa retina, kazi kubwa hufanywa na ute unaoivuta, na aghalabu mzigo ulikuwa tu mahali ambapo mgonjwa alilitambua tatizo lililokwisha kuanza. Wapo watafiti walioona uhusiano kati ya kazi za kunyanyua mizigo mizito na ugonjwa huu kwa watu wasioona mbali, ila uhusiano huo bado unajadiliwa na wataalamu. Aliyebeba gunia asijilaumu, wala asimlaumu aliyemtuma. Lililo muhimu ni kwamba aliona badiliko na kulisema.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kubanduka kwa retina karibu mara zote kuliishia katika upofu. Ni Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, aliyeonyesha kwamba chanzo ni mchaniko, na kwamba mchaniko ukitafutwa na kuzibwa retina huweza kurudi mahali pake. Katika miaka ya 1920 mafanikio ya upasuaji wake yaliwashawishi madaktari wenzake. Leo mbinu ni nyingine, lakini kanuni ni ile ile: ziba mchaniko. Nayo ina saa yake. Makula ikiwa haijabanduka, upasuaji hutakiwa kufanywa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya siku moja, kwa kuwa uoni mzuri bado upo wa kuokolewa. Makula ikishabanduka, matumaini ni bora zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya siku chache za kwanza. Baada ya wiki nyingi, retina inaweza kurudishwa ukutani ilhali uoni wa kusomea hauwezi kurudishwa.

Ugonjwa uliokuwa umejificha

Wakati mwingine kujikaza huwa ni tone la mwisho katika ndoo iliyokwisha kujaa. Mgonjwa wa kisukari ambaye hajawahi kupimwa macho huweza kuwa na vishipa vipya dhaifu vilivyoota juu ya retina, na chafya moja ikatosha kuvipasua na kuujaza ute kwa damu. Shinikizo la juu la damu nalo huchangia kuziba kwa mishipa ya retina. Katika Kanda ya Ziwa, ambako selimundu imeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, mhudumu asisahau kwamba ugonjwa huo pia huziba vishipa vya retina na kusababisha vingine dhaifu kuota. Kwa wagonjwa hawa kuvuja kwa damu ni taarifa kwamba ugonjwa wa msingi umefika mbali, na retina yao huhitaji matibabu hata baada ya damu kufyonzwa.

Lipo kundi moja ambalo halipaswi kusubiri hata dakika. Mjamzito, au mama aliyejifungua karibuni, anayesema haoni, anaona ukungu au anaona nyota, asihesabiwe kuwa amejikaza tu wakati wa kusukuma. Apimwe shinikizo la damu na mkojo kabla ya jicho kuchunguzwa. Uoni unaopotea katika hali hiyo huweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja, na hapo kinachookolewa kwanza ni maisha ya mama na mtoto.

Yanayowezekana zahanati

Zahanati ya kijiji haina vifaa vya kuichunguza retina kikamilifu. Hata hivyo, mhudumu mwenye tochi, chati ya kupimia uoni na dakika 10 anaweza kufanya mambo yatakayobadili hatima ya mgonjwa.

Kwanza, aulize kwa utaratibu: ni jicho lipi, ilianza siku gani na saa ngapi, mgonjwa alikuwa akifanya nini, kivuli kiko katikati au kimetoka pembeni, na kama kulikuwa na mimweko au vitu vinavyoelea. Aulize pia kuhusu kisukari, shinikizo la damu, selimundu, ujauzito, upasuaji wa macho uliopita na dawa za kuzuia damu kuganda.

Pili, apime uoni wa kila jicho peke yake huku jingine likiwa limefunikwa vizuri kwa kiganja. Asiyeona herufi aulizwe idadi ya vidole. Asiyeweza kuhesabu vidole aonyeshwe mkono unaopungwa, na asiyeuona mkono amulikwe tochi. Matokeo yaandikwe kwa tarehe na saa, kwa kuwa ndiyo yatakayomwonyesha daktari wa hospitali kama hali inazidi.

Tatu, apime uoni wa pembeni. Mgonjwa amtazame mhudumu usoni kwa jicho moja, na vidole viletwe kutoka juu, chini, kushoto na kulia. Upande usioona vidole ni dalili muhimu ya kubanduka kwa retina.

Nne, katika chumba chenye mwanga hafifu, tochi ihamishwe kutoka jicho zima kwenda jicho lenye shida, na kurudi. Mboni ya jicho zima husinyaa inapomulikwa. Mboni ya jicho lenye shida ikipanuka badala ya kusinyaa tochi inapoifikia, kuna uharibifu mkubwa wa retina au wa mshipa wa fahamu wa jicho. Kipimo hiki kifanywe kabla ya kuweka matone yoyote ya kupanua mboni.

Tano, apime shinikizo la damu na sukari.

Yapo pia ya kuepuka. Mafuta ya kupaka jichoni hayatibu retina, na huacha ukungu unaomzuia daktari kuiona. Matone yenye steroidi hayana kazi hapa. Dawa za miti zilizosagwa au kukamuliwa huweza kukichubua kioo cha jicho na kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Mgonjwa anayeamini kwamba ametupiwa jicho la husuda asibezwe. Aelezwe kwa upole kwamba ndani ya jicho huenda pana damu au mchaniko unaoweza kuonekana kwa kifaa, na kwamba wa kuuonyesha yupo hospitali. Maneno "nenda nyumbani, urudi baada ya wiki mbili tukuone" ndiyo ghali kuliko yote anayoweza kuambiwa.

Njia ya rufaa

Kutoka zahanati au kituo cha afya, mgonjwa aelekezwe mahali penye mtaalamu wa macho anayeweza kuipanua mboni na kuitazama retina. Kwa mkazi wa Simiyu mahali pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bariadi, na ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza. Upasuaji wa retina iliyobanduka hufanywa katika hospitali chache nchini, zikiwemo KCMC mjini Moshi na Muhimbili jijini Dar es Salaam. Simu moja kabla ya mgonjwa kupanda basi huokoa siku mbili za kuhangaika: aliko daktari, siku anayopokea wagonjwa, na gharama zinazohitajika. Barua ya rufaa ibebe neno "dharura" na saa ambayo uoni ulianza kupotea.

Lipo jambo moja ambalo wakazi wa nyanda za juu wanapaswa kuliuliza kabla ya kurudi nyumbani. Baada ya upasuaji wa retina, daktari huweza kuacha kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kuikandamiza retina mahali pake. Gesi hiyo hupanuka mgonjwa anapopanda kwenda mahali palipoinuka, iwe kwa ndege au kwa barabara. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Simiyu iko juu zaidi ya ziwa. Aliyepasuliwa Dar es Salaam, kando ya bahari, akarudi kwao gesi ikiwa bado jichoni, huweza kupata shinikizo kali ndani ya jicho na kupoteza uoni uliokwisha kuokolewa. Amwambie daktari anakotoka, ili achaguliwe dawa inayofaa, kama vile mafuta ya silikoni, au akae hadi gesi iishe.

Kulinda jicho bila kuiacha kazi

Aliyethibitishwa kuwa na damu tu mbele ya retina huambiwa apumzike na kunyanyua, alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito, na arudi kuchunguzwa kwa tarehe aliyopangiwa. Kikohozi kitibiwe, kikizidi wiki mbili apimwe kifua kikuu. Choo kilainishwe kwa maji ya kutosha, mboga na matunda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache mwenyewe, bali amwone aliyemwandikia.

Kwa wengine, hakuna haja ya kuogopa jembe wala gunia. Watu wengi hunyanyua maisha yao yote na macho yao hubaki salama. Inasaidia kuigawa mizigo, kuinyanyua wawili wawili, na kuitoa pumzi mdomoni wakati wa kunyanyua badala ya kuibana. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Na kwa kila mtu lipo zoezi lisilogharimu hata shilingi. Macho mawili hufichiana siri: moja likipofuka, jingine huziba pengo, na mtu huweza kukaa siku nyingi bila kujua. Asubuhi, funika jicho moja kwa kiganja, tazama mlango au mti wa mbali, kisha badilisha. Ukiona doa, kivuli, mimweko au mstari ulionyooka umepinda, usisubiri maumivu. Nenda siku hiyo hiyo.